Lamu si kisiwa kimoja, na mchanga wa Shela si mchanga tu

Mgeni akisema "naenda Lamu", huwaza vichochoro, punda na majahazi. Huo ni mji wa Amu, tena ni sehemu ndogo tu ya kaunti. Kaunti yenyewe inapita kilomita za mraba 6,000, na eneo lake kubwa liko bara: Hindi, Witu, Mpeketoni, msitu wa Boni, hadi mpakani mwa Somalia. Mkulima wa pamba wa Mpeketoni ni mtu wa Lamu sawasawa na nahodha wa Kizingitini, hata kama bahari huiona mara moja moja. Visiwa navyo si kimoja. Kuna Amu, Manda, Pate, Ndau, Kiwayu na vidogo vingi visivyokaliwa na watu.

Wengine husema huku hakuna majira, ni joto tu kuanzia Januari hadi Disemba. Muulize mvuvi. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, jua likiwa kali, nchi kavu, na Januari na Februari mvua ni adimu. Kisha upepo hugeuka, kusi huingia na mvua za mwaka, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Julai na Agosti hewa hupoa lakini bahari huchafuka, na vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya miamba. Kusini na kaskazini, maneno tunayotumia kila siku, yametokana na pepo hizi.

Kuna pia wanaodhani Mto Tana unatunywesha. Tana huingia baharini Kipini, katika kaunti ya jirani. Ziwa Kenyatta, karibu na Mpeketoni, lina maji matamu kweli, ila ukame ukizidi hupungua hadi viboko wakataabika.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya vilima vya mchanga vya Shela, kijiji cha kisiwa cha Amu, kuitwa ardhi tupu. Mvua ikinyesha pale, mchanga huinywa na kuichuja, na maji matamu hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Visima vya pale ndivyo vinavyonywesha mji wa Amu. Ukivuta maji kupita kiasi, chumvi hupanda, na kuirudisha chini si kazi ya siku mbili. Ukijenga juu yake na kuchimba mashimo ya choo, uchafu hushuka kwenye maji yale yale. Ukichota mchanga kwa ajili ya ujenzi, umeondoa chujio. Kwa hiyo anayeuza kiwanja juu ya vilima hivyo anauza kisima cha mji mzima.

Ng'ambo ya pili, Manda, yapo magofu ya Takwa, mji uliohamwa mwishoni mwa karne ya 17. Wazee husimulia kuwa maji yaligeuka chumvi, na watu wakavuka kuja Shela.

Kiwayu na Ndau bado wanategemea jabia, birika la kukingia maji ya mvua. Mvua za mwaka zikikosa, jabia hukauka, na maji ya kunywa huletwa kwa boti.