Kuchemsha kahawa nusu saa hakuiongezei nguvu

Watu wakipanga kwenda kupiga kambi, iwe Kondoa au vilima vya jirani na Dodoma mjini, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: kahawa ya birika lenye kichujio ndani ichemke nusu saa, eti ndipo kafeini yote itoke. Si kweli.

Kafeini huyeyuka dakika chache za mwanzo. Kwenye birika hili maji hupanda kwa bomba la katikati, huinyeshea kahawa, hushuka, kisha hupanda tena. Ukiliacha motoni, unachemsha kahawa iliyokwisha kuiva, na kinachoongezeka ni uchungu. Wala mwinuko si kisingizio: Dodoma, mita zaidi ya 1,100, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na zinatosha kabisa.

Jaribu mwenyewe. Kahawa ikianza kurukaruka kwenye kioo cha kifuniko, punguza mkaa. Mimina kikombe baada ya dakika 7, kingine baada ya 25, vipoe kidogo, onja. Ukitaka nzito, ongeza kahawa, tena iliyosagwa chengachenga isipenye matundu.

Wengi hudhani uchungu ndiyo nguvu, labda kwa kuzoea kahawa ya dele inayoshinda juu ya mkaa (kwa kashata, haina mpinzani). Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.