Mafua makali: mbona mwanamke na mwanamume hawaugui sawa?

Mtoto analeta mafua kutoka shuleni. Baba na mama wanaambukizwa wiki hiyo hiyo. Siku ya nne mmoja amerudi kazini, mwingine bado amejifunika blanketi na majirani wanasema anadeka. Huenda hadeki hata kidogo. Kinga za miili yao hazifanyi kazi kwa namna moja.

Tunazungumzia mafua gani hasa?

Yale yanayoletwa na virusi vya influenza, siyo makamasi ya siku mbili. Influenza humjia mtu ghafla: asubuhi mzima, jioni homa imepanda, viungo vinauma kama aliyelima kutwa, kikohozi kikavu kinamnyima usingizi. Wasomaji wa Kenya mmezoea kuyaita yote "homa", ndiyo maana nataja jina la kirusi chenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka influenza ya msimu huua watu 290,000 hadi 650,000 kwa matatizo ya upumuaji.

Ni kweli kinga ya mwanamke ina nguvu zaidi?

Katika kutengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazokamata virusi, ndiyo, hasa kabla hajakoma hedhi. Oktoba 2004, mamlaka ya Uingereza ilisimamisha leseni ya kiwanda cha Liverpool kilichotegemewa kuipatia Marekani karibu nusu ya chanjo zake za mafua za msimu huo. Chanjo zikaadimika. Madaktari wa hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Washington, wakataka kujua kama nusu dozi ingetosha. Wakachanja watu zaidi ya 1,100 wenye afya njema, wa miaka 18 hadi 64, wengine dozi kamili na wengine nusu. Damu ilipopimwa, wanawake waliopewa nusu dozi walikuwa na kingamwili zinazokaribiana na za wanaume waliopewa dozi nzima.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Hadi leo dozi ya kawaida ya mtu mzima haiangalii jinsia. Sisemi wanawake wapunguziwe chanjo kesho. Ninachotaka ni kila utafiti wa chanjo utoe majibu ya wanawake na ya wanaume kila kundi peke yake, maana ukiyachanganya unapata wastani usiomfaa yeyote.

Tofauti hiyo inatoka wapi?

Kwanza kwenye jeni. Mwanamke ana kromosomu X (nyuzi zinazobeba jeni) mbili, mwanamume ana moja. Kwa kawaida moja kati ya zile mbili hunyamazishwa katika kila seli, lakini baadhi ya jeni hukataa kunyamaza. Mojawapo ni TLR7, ambayo kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti: inatambua chembe za urithi za virusi kama influenza na kupiga kengele. Kengele hiyo ndiyo inayoamsha interferoni, kemikali za kwanza za kujihami, na seli za wanawake huzitoa kwa wingi zaidi.

Pili ni homoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walichukua seli za ndani ya pua za wanawake na za wanaume, wakaziweka kwenye estrojeni, homoni ya kike, kabla ya kuziambukiza influenza. Katika seli za wanawake kuzaliana kwa virusi kulipungua. Katika seli za wanaume estrojeni haikusaidia. Huko Chuo Kikuu cha Stanford nako ilionekana kwamba wanaume wenye testosteroni, homoni ya kiume, nyingi ndio waliotoa kingamwili chache zaidi baada ya chanjo.

Basi mbona wanawake nao hulazwa?

Kwa sababu sehemu kubwa ya madhara ya influenza hufanywa na mwili wenyewe. Kinga ikiwaka kupita kiasi, mapafu huvimba na kujaa majimaji. Katika majaribio ya panya, majike walioambukizwa kipimo kilekile cha virusi waliumwa zaidi kuliko madume, ingawa virusi mwilini vilikuwa karibu sawa.

Mimba huongeza hatari. Tumbo linasukuma mapafu juu, moyo unafanya kazi ya ziada, na kinga yenyewe inabadilika. Katika mlipuko wa influenza wa mwaka 2009, wajawazito walikuwa takribani asilimia 1 tu ya watu wa Marekani, lakini karibu asilimia 5 ya waliokufa.

Nina mimba. Nichanjwe?

Ndiyo, ukiipata chanjo. Shirika la Afya Duniani linawaweka wajawazito miongoni mwa wanaopaswa kutangulizwa. Chanjo ya sindano ina virusi vilivyouawa, haiwezi kukuambukiza. Kingamwili zako hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na hiyo ndiyo kinga yake ya miezi ya mwanzo, kwani kabla ya miezi sita hawezi kuchanjwa influenza. Kliniki zetu nyingi haziitoi kama zinavyotoa ya pepopunda, kwa hiyo uliza mwenyewe.

Nilichanjwa, mkono ukavimba. Ni mafua?

Hapana. Ni kinga imeanza kazi, na wanawake hupatwa na hali hii zaidi. Utaona duara jekundu begani, lina joto ukiligusa, na ukikanda unga mkono unauma. Kwa kawaida huisha kwa siku mbili tatu.

Na wanaume je?

Nina wasiwasi zaidi na wazee, wavuta sigara, na wenye kisukari au ugonjwa wa moyo. Wengi husema "nitapona tu", kisha wananunua antibayotiki duka la dawa, ambazo haziui kirusi. Zipo dawa za kuzuia virusi, kama oseltamivir, lakini husaidia zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Kwa hiyo mwenye hatari kubwa aende mapema. Na yeyote, mke au mume, akihema hali ameketi, akichanganyikiwa, midomo ikibadilika rangi, au homa ikirudi baada ya kushuka, msisubiri kukuche. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.