Elimu ya hela shuleni, yale tunayodanganyana huku Mbeya

Kila nikisema watoto wafundishwe mambo ya hela shuleni kuna mtu ananijibu "mwalimu, unataka watoto wetu waanze kupenda hela". Jamani. Mtoto wa Uyole wa darasa la tano anapanga viazi na mama yake barabarani kabla ya kengele, jioni anahesabu chenji, anajua debe lilikuwa shingapi jana na leo limefika ngapi. Hizo hela hajazijulia darasani, asichokijua ni kuziandika.

Nyingine, na hii ndo inaniuma, eti hesabu za kawaida zinatosha. Nilijaribu kidato cha pili. Nikawauliza, mtu kakopa laki moja, baada ya wiki mbili anarudisha laki na ishirini, riba asilimia ngapi? Ishirini, chap, darasa zima. Haya, akiendelea hivyohivyo kuzungusha mwaka mzima je? Kimya. Mmoja akajaribu "si ileile ishirini mwalimu". Tukapiga ubaoni, wiki mbilimbili kwa mwaka ziko 26, ishirini mara 26 ni 520, yaani umelipa riba laki tano na ishirini na ile laki yenyewe bado wanakudai. Dogo mmoja nyuma akaguna, "kumbe ndo maana mikopo hii wanaiita kausha damu". Asilimia wameisoma tangu primary, ila hakuna aliyewahi kuionyesha inafananaje na marejesho ya mama yake ya kila Jumatatu. Na saa hizi mkopo uko mkononi kwenye simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni 69 za kukopesha zisizo na leseni, na hao hao madogo ndo wanaowasomea wazazi meseji.

Wengine wanasema bukukipingi, lile somo la kutunza vitabu vya hesabu, si ipo. Ipo, ila miaka yote ilikuwa ya kuchagua, aliyeenda sayansi hajaigusa, na aliyeisoma kabalansi vitabu vya duka la kwenye mtihani, shamba la baba yake hajawahi kuliandikia hata mstari.

Halafu "elimu ya hela ni ya wenye hela". Angalia lumbesa basi. Gunia kisheria lisizidi kilo 100, mnunuzi anataka lijazwe mpaka lipande juu, tuseme kilo 120 kwa bei ya mia. Magunia 30 ushamgawia kilo 600, hayo ni magunia sita ya bure, na anayekubali ni yule anayedaiwa mbolea, mwenye hela atasubiri bei. Hesabu hiyo niliifundisha, binti mmoja akaenda nayo nyumbani. Kwenye kikao cha wazazi baba yake akanishika mkono, "mwalimu, umenifundishia mtoto ubishi".

Ila msimu ule aliazima mizani kwa jirani.