Herufi nne hazitoshi kukueleza

Vijana wengi Mtwara wakishajaza jaribio la haiba kwenye simu huamini herufi nne za matokeo (kama INFP, kila herufi ikitaja upande mmoja wa tabia) zimewaeleza kikamilifu: "Mimi mkimya, biashara siiwezi." Si kweli. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia zao. Kwa usahihi, wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Kumbe wote walipewa maelezo yaleyale, mengi yametolewa kwenye kitabu cha unajimu! Maneno mapana humgusa kila mtu. Tena jaribio hilo la herufi nne, linalogawa watu katika aina 16, hukulazimisha upande mmoja, mkimya au mchangamfu, ilhali wengi wetu tuko katikati. Ukirudia baada ya wiki chache, herufi zinaweza kubadilika. Binti anayenyamaza darasani, mtazame feri akigombea bei ya pweza. Vipimo vya sifa kuu tano za haiba (uwazi kwa mambo mapya, umakini, uchangamfu, upole na wasiwasi) vina uzito zaidi, ila navyo huonyesha mwelekeo tu. Usiache biashara kwa sababu ya jaribio.