Siku za hatari ni zipi hasa?

Muuza mitumba mmoja wa soko la Mwanga, hapa Kigoma, alinionyesha kalenda yake ya mfukoni. Kila mwezi tarehe moja imezungushiwa wino mwekundu. "Hiyo ndiyo siku ya kumi na nne, dada. Nahesabu tangu damu inapoanza. Mwaka umeisha natafuta mtoto, sijashika." Tukahesabu pamoja, humo humo kwenye kalenda, kutoka hedhi moja hadi nyingine: siku 34, kisha 33, kisha 35. Kumbe muda wote alikuwa anawahi.

Siku za hatari ni zile siku chache za mzunguko wa hedhi ambazo tendo la ndoa linaweza kuleta mimba. Jina limetoka kwa wanaoikwepa mimba. Kwa anayeitafuta ni siku za neema, na wengine huziita siku za rutuba, kama vile tunazungumzia shamba la mihogo. Kwa wastani ni siku sita: siku yai linapotoka kwenye ovari, na tano zinazoitangulia.

Zinatangulia kwa sababu yai halina subira. Likishatoka huishi saa 12 hadi 24, basi. Wavumilivu ni mbegu za kiume: zikikuta ute mzuri ukeni huweza kukaa hai hadi siku tano, zikilingoja. Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mtoto. Tendo la siku tano kabla ya yai kutoka lilikuwa na uwezekano wa kama asilimia 10 wa kuleta mimba. La siku yenyewe, kama asilimia 33. Baada ya siku hiyo hawakuona mimba. Angalia lakini: hata siku iliyo bora kuliko zote, mara mbili kati ya tatu mimba haiingii. Aliyekosa mwezi mmoja au miwili asikimbilie kusema amefungwa kizazi.

Sasa hiyo siku ya 14. Wengi tuliikariri shuleni, na si uongo, ila ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mzunguko wa kawaida wa mtu mzima unaweza kuwa wa siku 21 hadi 35. Na kinachobadilika zaidi ni nusu ya kwanza, kabla yai halijatoka. Nusu ya pili haiyumbi sana. Chukua treni inayotoka Dar: ikikwama Morogoro, ikikwama tena Dodoma, Tabora itafika usiku wa manane, lakini Tabora hadi Kigoma mwendo ni ule ule. Ugonjwa, safari, mawazo mengi, vyote vinaweza kuichelewesha treni kabla ya Tabora. Daktari Kyusaku Ogino wa Japani alilieleza hili mwaka 1924: yai hutoka kati ya siku 12 na 16 kabla ya hedhi inayofuata. Hesabu inarudi nyuma, haiendi mbele.

Kwa hiyo wa siku 34 anatoa 14, anapata siku ya 20. Siku zake ni ya 15 hadi ya 20, na duara jekundu la yule dada lilikuwa linakaa nje ya mlango. Wa siku 24 yai lake hutoka karibu na siku ya 10, na siku zake zinaanza ya 5, pengine damu haijakauka vizuri. Ndiyo maana ule usemi kwamba ukiwa mwezini huwezi kushika mimba umewaacha wengi na mshangao.

Kwetu kuna jambo jingine: dagaa. Wavuvi wa dagaa hutegemea usiku wa giza, maana taa ndizo zinazovuta samaki. Mwezi ukipevuka taa hazina nguvu, mitumbwi inapumzika kama wiki hivi, na wa kambini hurudi nyumbani. Kutoka mwezi mpevu hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Mke mwenye mzunguko wa siku 29 au 30, damu yake ikiangukia mbalamwezi, yai lake litatoka gizani, mume yuko ziwani. Mwezi ujao hivyo hivyo. Wanaweza kupishana nusu mwaka, wazima wote wawili, mawifi wameshaanza maneno. (Mwezi wa angani hauongozi damu ya mtu, hapa unamwongoza mume tu.) Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na watu wa kambini walipata nafasi yao.

Ambaye mzunguko wake hautabiriki asitegemee kalenda, atazame ute. Baada ya hedhi huwa mkavu au mzito. Yai likikaribia unakuwa mwepesi, angavu, unavutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi. Siku hizo ndizo. Joto la mwili nalo hupanda kidogo, lakini baada ya yai kutoka, kwa hiyo linakuarifu jambo limeshapita.

Anayezuia mimba anahitaji uzio mpana zaidi ya siku sita, kwa kuwa hajui yai litatoka lini hasa. Njia ya shanga za mzunguko, mkufu wa kuhesabia siku, huzuia tendo bila kinga siku ya 8 hadi ya 19, na ni kwa wenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 tu. Muuza mitumba wetu haimfai.

Mwaka mzima wa kukutana mara kwa mara bila kinga na bila mimba unatosha kwenda hospitali. Mwanamke akiwa amevuka miaka 35, miezi sita. Na waende wawili. Mbegu za mwanamume hupimwa, na kuwahi kuzaa zamani hakumpi cheti cha leo.

Hilo la mwisho nilimwambia yule dada. Akacheka, akaikunja kalenda. "Mume wangu? Huyo ana mtoto Uvinza."

Nikamuuliza mtoto ana umri gani.

"Yuko darasa la sita."