Sainasi: vifuko vya hewa vya uso, maambukizi yake na namna yanavyotibiwa

Kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba zinapoanza, Dodoma hukauka. Upepo unazoa vumbi la mitaa ya Nkuhungu na Chang'ombe na la viwanja vinavyojengwa njia ya kwenda Mtumba, na ndani ya daladala hakosekani mtu anayevuta kamasi na kulalamika kwamba sainasi zimeamka. Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuelezwa sainasi ni kitu gani, na hapo ndipo matibabu yanapoanza kwenda kombo.

Sainasi ni vifuko vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso. Kila mtu anavyo, mzima kwa mgonjwa. Viko makundi manne, kila kundi kulia na kushoto: vikubwa viko nyuma ya mashavu, vingine kwenye paji la uso juu ya nyusi, vingine vidogo vidogo katikati ya macho, na vya mwisho vimejificha nyuma kabisa ya pua, chini ya ubongo. Mtoto hazaliwi navyo vyote vikiwa tayari. Vile vya paji huchelewa sana, kwa hiyo ukiambiwa kichwa cha mtoto wa miaka mitatu kinauma kwa sababu ya sainasi za paji la uso, uliza tena.

Ndani ya vifuko hivi kuna utando laini unaotoa ute muda wote. Juu ya utando kuna vinyweleo ambavyo macho hayavioni, navyo husukuma ute, pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa, kuelekea kwenye tundu dogo linalofungukia puani. Kisha tunaumeza bila hata kujua. Tundu lenyewe lina upana wa milimita chache tu, na kwa sainasi za mashavu liko juu, upande wa jicho. Maana yake ute hautiririki kwenda chini, unasukumwa kupanda. Utando ukivimba kidogo kwa mafua, aleji, moshi wa kuni au vumbi, tundu linaziba, na kinachofuata ni kama mtaro wa mtaani ulioziba: maji yanasimama, yananuka, wadudu wanazaliana. Sainasi ikivimba namna hiyo uso unakuwa mzito, pua inaziba, kamasi zinakuwa nzito au zinashuka kooni, harufu ya chakula inapotea, na maumivu yanazidi ukiinama kufunga kamba za viatu.

Mara nyingi sana chanzo ni virusi vilevile vya mafua. Kati ya watu 100 wanaopata mafua, wanaoishia kupata maambukizi ya bakteria kwenye sainasi ni wawili au pungufu. Hao wengine wanapona wenyewe, wengi ndani ya siku 10. Ndiyo maana daktari makini anakuuliza kwanza umeanza kuumwa lini, kabla ya kukuuliza kamasi zina rangi gani. Kamasi za kijani zinawatisha watu bure. Rangi ile inatokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana, na zinapambana na virusi pia.

Bakteria wanashukiwa kwa mambo matatu. La kwanza, dalili zimefika siku 10 bila nafuu yoyote. La pili, ulianza kupata nafuu, halafu kama siku ya tano au ya sita homa na maumivu yakarudi kwa nguvu. La tatu, tangu mwanzo una homa kali ya nyuzi 39 au zaidi, na usaha au maumivu makali ya uso kwa siku tatu au nne mfululizo. Nje ya hapo antibayotiki haina kazi ya kufanya.

Lakini simama dirishani kwenye duka la dawa jioni moja uone. Mama anafika na khanga puani: "Kaka yangu, nipe amoksilini, sainasi zinaniua." Anaulizwa anataka dozi nzima? "Hapana, nikatie hata za siku mbili, hela imeisha." Anakatiwa kipande cha pakti, anaondoka. Siku ya tatu anajisikia vizuri, kwa sababu mafua yalikuwa yanaisha yenyewe, na sifa zote zinakwenda kwa kidonge. Mwaka ujao atarudi kukitafuta. Kinachoniumiza ni kwamba siku atakapopata nimonia ya kweli, dawa hiyohiyo inaweza kumgomea, maana bakteria tunaowabeba puani na kooni wamekwisha kuizoea. Daktari akiona kweli ni bakteria, kwa mtu mzima amoksilini huwa miongoni mwa chaguo la kwanza, wakati mwingine ikichanganywa na asidi ya klavulaniki, kwa siku tano hadi saba au zaidi kadiri atakavyoona. Kama una mzio wa penisilini, mwambie kabla hajaandika.

Basi ufanye nini siku zile za kungoja? Parasitamo kwa maumivu na homa. Maji ya kutosha. Na kusafisha pua kwa maji ya chumvi, tiba ambayo ningependa kila nyumba iijue. Chemsha maji, yaache yapoe yawe vuguvugu, kisha kwenye nusu lita weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa. Chukua bomba safi la sindano lililotolewa sindano yake, inama juu ya beseni, laza kichwa upande, fungua mdomo uhemee huko, na sukuma maji taratibu kwenye tundu la pua lililo juu. Yatatokea tundu la pili yakiwa na kamasi na, kwa msimu huu, vumbi jekundu. Usitumie maji ya kisima moja kwa moja kwa kuwa tu yana ladha ya chumvi. Maji yasiyochemshwa hayafai kupitishwa puani.

Kujifukiza kunaburudisha pua kwa muda, hakuui kijidudu. Sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imeunguza watoto wengi, kwa hiyo watoto wasiingizwe kabisa.

Kuna matone ya kuzibua pua, yale yenye zailometazolini au oksimetazolini. Yanazibua ndani ya dakika chache, na utamu huo ndio mtego: ukizidisha siku tano, pua inaanza kuziba kwa sababu ya matone yenyewe. Vidonge vya kuzibua pua vinaweza kupandisha shinikizo la damu, mwenye presha aulize kwanza. Dawa za kupuliza zenye steroidi, kama flutikasoni au mometasoni, ni kitu kingine. Hizo zinapunguza uvimbe polepole, zinahitaji siku kadhaa hadi wiki, na zinafaa zaidi kwa mwenye aleji. Puliza tundu la kulia kwa mkono wa kushoto, na la kushoto kwa mkono wa kulia, ncha ikielekea upande wa sikio. Ukielekeza katikati, utatokwa damu.

Si kila maumivu ya paji ni sainasi. Kichwa kinachogonga upande mmoja, chenye kichefuchefu na kuchukia mwanga, huku pua iko wazi, mara nyingi ni kipanda uso, na dawa zake ni nyingine. Kamasi zinazonuka upande mmoja kwa mtu mzima zinaweza kutokana na jino bovu la juu, kwa kuwa mizizi ya magego inakaribiana na sainasi ya shavu. Bila kutibu jino hutapona. Kwa mtoto mdogo, upande mmoja unaonuka ni ishara ya kitu kilichokwama: ushanga, punje ya karanga. Usichokoe, mpeleke.

Jicho likivimba au ukiona vitu viwiliviwili, paji likivimba, shingo ikikakamaa, kichwa kikiuma kupita kiasi au mtu akianza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya usiku huohuo.

Dalili zikidumu wiki 12 au zaidi, ugonjwa umekuwa sugu, na kozi nyingine ya vidonge haitoshi. Anzia kituo cha afya upate rufaa, mpaka kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Kwa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ni mojawapo ya mahali pa kumpata. Ataingiza kamera nyembamba puani, na huenda akaagiza CT skani kuona kama kuna nyama za puani au mfupa uliopinda. Upasuaji, ukihitajika, hufanyika kupitia tundu la pua bila kuchana uso, kwa lengo la kupanua njia zilizoziba. Aleji yenyewe haiondolewi kwa kisu, kwa hiyo wengi wanaopasuliwa huendelea kuosha pua na kupuliza steroidi baadaye, na wakiacha, nyama huweza kuota tena.