Kwa nini injini huzima ghafla gari likiwa mwendoni, na namna ilivyozima inakuambia nini?

Unaendesha, redio inaimba, mara muungurumo unakatika. Redio bado inaimba. Taa nyekundu ya betri na ile ya oili zinawaka pamoja kwenye dashibodi, usukani unakuwa mzito, na gari linaserereka kwa mwendo uliobaki. Ukishalisogeza pembeni na kupiga starti, linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho yake unalipeleka kwa fundi, linanguruma vizuri saa nzima, naye anakurudishia ufunguo: "Mbona halina tatizo?"

Tatizo lipo, ila ushahidi wake ulishapotea kabla boneti halijafunguliwa. Injini hufa kwa namna tofauti kulingana na kilichoiua, na mara nyingi shahidi pekee ni dereva. Ndiyo maana naona swali la kwanza la fundi mzuri si "lina kilomita ngapi?" bali "lilizimaje?"

Injini ya petroli huishi kwa hewa, mafuta na cheche, vikutane ndani ya silinda yenye mgandamizo, tena kwa wakati wake. Hewa na petroli huchanganywa kwa uzito wa takriban 14.7 kwa 1. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hulipua mchanganyiko huo mara 25 kwa sekunde. Kwa hiyo cheche ikikosekana kwa nusu sekunde tu, kila silinda imeshakosa milipuko kama kumi na miwili, na wewe unahisi gari limeachiliwa. Mafuta yakipungua taratibu, hali ni nyingine kabisa: milipuko inadhoofika mmoja baada ya mwingine, gari linakosakosa, linajikongoja, ndipo linazima.

Basi kuna kuzima kwa kukatika na kuzima kwa kukohoa. Ukiweza kutofautisha hayo mawili, umeshaondoa nusu ya washukiwa.

Kukatika, kama mtu aliyezima taa ya chumbani, mara nyingi ni umeme. Mshukiwa ninayemfikiria kwanza ni sensa ya krenki, kifaa kidogo kinachokaa karibu na gurudumu lenye meno lililofungwa kwenye krenkshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni. Kila jino likipita, sensa hutuma mpigo mmoja kwa kompyuta ya injini, na kwa mipigo hiyo kompyuta hujua ni lini itoe cheche na ni lini ifungue nozeli zinazonyunyiza petroli. Mipigo ikikoma, kompyuta huamini injini imesimama, hivyo hukata cheche na mafuta, na pampu nayo huzimwa. Imepangwa hivyo makusudi, ili gari likigonga na injini kusimama, pampu isiendelee kumwaga petroli.

Sensa hii huharibika kwa tabia ya kuchosha. Baadhi yake zina koili ya waya mwembamba sana ndani. Waya ukiwa na ufa, joto la injini huutanua na mguso unakatika. Ukipoa, unagusana tena. Ndiyo maana gari huzima baada ya mwendo wa nusu saa, likakataa kuwaka kwa dakika kumi na tano, kisha likawaka lenyewe. Fundi akilipima likiwa baridi haoni kitu.

Gari la shangazi yangu lilipita mikononi mwa mafundi watatu namna hiyo. Lilibadilishiwa pampu ya mafuta, filta na plagi zote nne, na bado likazima kila baada ya dakika kama arobaini. Siku moja nilikaa kiti cha abiria, macho yangu kwenye mshale wa mizunguko tu. Lilipozima tulikuwa gia ya tatu, shangazi hajakanyaga klachi, maana yake matairi yalikuwa bado yanaizungusha injini. Mshale ulipaswa kushuka pamoja na mwendo. Badala yake uliporomoka hadi sifuri papo hapo. Injini inazunguka, kompyuta inasema haizunguki! Tulipopiga starti pembeni ya barabara, mshale haukutikisika hata kidogo. Sensa ilipofunguliwa, fundi aliipasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele huku akiipima kwa mita. Ilipopata joto, usomaji ukapotea. Ilipopoa, ukarudi. Ilibadilishwa sensa hiyo peke yake, na gari halikuzima tena.

Angalia pia dashibodi. Sensa ya krenki ikifa, taa za dashibodi hubaki zinawaka. Dashibodi nzima ikiingia giza pamoja na injini, shuku terminali za betri zilizolegea, waya wa athi, au swichi ya ufunguo. Swichi si jambo dogo. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliagiza magari yapatayo milioni 2.6 yarudishwe kwa sababu ya swichi ambayo ushikaji wake ndani ulikuwa dhaifu. Mtikisiko wa barabara au uzito wa furushi la funguo ulitosha kuurudisha ufunguo hadi kwenye nafasi ya redio. Injini ilizima, na mifuko ya hewa ya usalama ikakosa nguvu ya kufunguka wakati wa ajali. Mfuko wa fidia ulioanzishwa na kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Tangu nisome habari hiyo, ufunguo wa gari naubeba peke yake.

Sasa kukohoa. Gari linalopoteza nguvu hasa likipanda mlima au likiwa na mzigo, likaruka-ruka kisha likazima, linalilia mafuta. Huenda filta imeziba, au pampu imechoka. Katika magari mengi pampu hukaa ndani ya tanki na hupozwa na petroli inayoizunguka, kwa hiyo mazoea ya kutembea na tanki karibu tupu huipunguzia umri. Kuna kipimo kisichogharimu chochote: zima redio na feni, fungua ufunguo bila kupiga starti, kisha sikiliza upande wa nyuma. Kwenye magari mengi utasikia mvumo mfupi wa sekunde mbili hivi. Usipousikia, anzia kwenye fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayoiwasha) kabla ya kununua pampu. Ukiusikia, hiyo bado si hukumu. Pampu inaweza kuvuma na isifikishe presha inayotakiwa, na hilo linathibitishwa kwa geji tu.

Mfuniko wa tanki nao usiudharau. Njia ya kupumulia ikiziba, petroli inavyotumika hewa haiingii kuchukua nafasi yake, na pampu inavuta kwa shida hadi inashindwa. Gari likishazima, fungua mfuniko. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, kisha gari likawaka na kwenda vizuri, umepata pa kuanzia.

Likizima unapopunguza mwendo tu, kwenye taa au kona, huku barabara ndefu likienda bila shida, geukia hewa. Throtoli, yaani mlango wa hewa ya injini, ikijaa masizi, hewa inayopita usipokanyaga mafuta haitoshi na injini inakabwa. Mpira wa hewa ukipasuka nyuma ya throtoli, hewa isiyohesabiwa inaingia. Mara nyingi utasikia mluzi. Na kama taa zilififia kwanza na usomaji wa dashibodi ukachanganyikiwa, pima alteneta, kifaa kinachochaji betri: injini ikiwa inawaka, volti kwenye betri huwa takriban 13.5 hadi 14.7.

Mashine ya kusoma hitilafu inasaidia sana. Magari yote mapya ya abiria yanayouzwa Marekani yamekuwa na soketi yake ya mfumo mmoja tangu modeli za 1996, na nchi nyingine zikafuata. Pamoja na msimbo wa hitilafu, kompyuta mara nyingi huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa: mwendo, mizunguko, joto la injini. Mtu akichomoa betri "ili gari lijirekebishe," anaweza kufuta hayo yote. Mkatalie. Vilevile msimbo si jina la kifaa cha kununua. Msimbo P0335 unasema kuna tatizo kwenye saketi ya sensa ya krenki, na saketi ni pamoja na waya na soketi. Nimeona sensa mpya ikifungwa kwenye waya uliokatika.

Yote haya ni baada ya kusimama salama. Pale linapozima, washa taa za hazadi na uelekee pembeni mapema, mwendo ungalipo. Usukani ni mzito lakini unageuka. Breki ikanyage mara moja kwa nguvu na uishikilie. Usipampu, kwa kuwa msaada wake katika magari mengi hutegemea mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini, na akiba iliyobaki huisha kwa mikanyago michache. Ufunguo usiuchomoe wala kuurudisha hadi mwisho gari likiwa bado linatembea, usukani unaweza kujifunga.

Ukishasimama, andika kwenye simu kabla hujagusa kitu: lilikatika au lilikohoa, lilikuwa na joto kiasi gani, mafuta yalikuwa robo au nusu, mshale wa mizunguko ulifanyaje, taa zipi ziliwaka. Ndipo ujaribu starti, ukiwa umetega sikio. Starti ikizunguka kwa mdundo wake wa kawaida, unaweza kujaribu tena. Ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, haraka na bila ule mdundo wa mgandamizo, huenda mkanda wa taimingi, unaozifanya valvu ziende sawa na pistoni, umekatika. Katika injini nyingi valvu na pistoni hupishana sehemu ileile, na kila unapoendelea kupiga starti zinaweza kugongana zaidi. Hapo ondoa mkono kwenye ufunguo na uite gari la kuvuta.